Januarius Luhende na Matairi Aliyoyaweka kwa Watu

Mwangaluka, ndugu waombolezaji. Baba Paroko, nashukuru kwa nafasi. Mimi ni Salvatory Luhende, mdogo wa marehemu, niliyenyonya naye ziwa moja. Kikao cha ukoo cha Alhamisi kilipendekeza wasifu huu usomwe na Mama Milembe wa Mkula, ambaye si ndugu yetu wa damu wala wa ndoa. Nilikataa. Nilisema kazi hii ni ya ndugu, na ndugu nipo. Mlionuna siku ile nawaona mko hapa mbele yangu, na bado mmenuna. Vumilieni, nitasoma mimi.

Januarius Mashimba Luhende alizaliwa hapa Sola, wilaya ya Maswa, Jumatatu tarehe 14 Agosti 1961, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Luhende Mayige na mama Ng'washi. Mimi nilimfuata miaka minne baadaye. Tangu utoto alikuwa mtu wa kupendwa, na sisemi hivyo kwa kuwa amekufa. Nililiona kwa macho yangu na halikunifurahisha. Akiwa na miaka kumi alipoteza ndama wa baba huko mbugani. Kijiji kizima kilitoka kumtafuta pamoja naye, wakarudi jioni wanaimba, ndama amebebwa mabegani na Januarius naye amebebwa mabegani. Mimi nilipofika umri uleule nilipoteza mbuzi. Niliambiwa rudi ulikotoka ukamtafute. Nilikwenda peke yangu, nikampata, nikamfunga bandani, na hakuna aliyeniuliza hata nilimpata wapi. Nina miaka hamsini na tisa sasa na jambo hilo bado linaniuma.

Baba yetu alikuwa na ng'ombe wapatao arobaini, lakini zizini kwake hawakuzidi kumi na wawili. Wengine waliishi kwa rafiki zake, Itilima na Meatu, kama ilivyokuwa desturi ya wafugaji wengi hapa kwetu. Maradhi yakiingia zizi moja, mazizi mengine yanabaki. Maziwa yalikuwa ya yule anayetunza, na ng'ombe akifa mtunzaji alimletea mwenyewe ngozi, ili ijulikane amekufa kweli na hakuuzwa. Marehemu alipenda sana kufuatana na baba kwenda kuwaona ng'ombe hao. Walikuwa wakikaa huko siku tatu, wanarudi wamenenepa. Mimi nilibaki nyumbani kuwachunga hao kumi na wawili, na waliporudi niliambiwa nisogee nimpishe kaka akae, amechoka na safari.

Alisoma shule ya msingi hapa Sola kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akachaguliwa kwenda sekondari Shinyanga, akamaliza kidato cha nne mwaka 1979. Matokeo yake yalikuwa ya wastani. Yangu yalikuwa mazuri kuliko yake, na cheti ninacho kwa yeyote atakayetaka kukiona baada ya mazishi. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha mifugo Mpwapwa, akahitimu mwaka 1982.

Tarehe 1 Septemba 1982 aliajiriwa kuwa bwana mifugo wilayani Bariadi, enzi hizo ikiwa ndani ya mkoa wa Shinyanga. Aliitumikia kazi hiyo miaka thelathini na tisa, akastaafu tarehe 14 Agosti 2021, akafungua duka dogo la dawa za mifugo pale Bariadi mjini na kuendelea kuzunguka vijijini kuchanja. Kwa miaka mingi alitumia pikipiki ya serikali. Hakuna mji aliopita asikaribishwe maziwa ya mgando. Mimi kwa upande wangu nilikuwa mpima pamba, kazi ambayo haikuletei marafiki. Kila mkulima anaamini mzigo wake ni mzito kuliko unavyosoma mzani, na uso anaoukumbuka ni wako.

Jumamosi tarehe 12 Novemba 1988 alifunga ndoa na Nyamizi, binti wa mzee Yakobo wa Bariadi. Ng'ombe wa mahari hawakutoka zizini kwa baba hata mmoja. Waliswagwa kutoka kwa wale rafiki wa Itilima na Meatu, na kila aliyeswaga alikuja na mke, watoto na ngoma yake. Sherehe ilikwenda siku nne. Nilipooa mimi mwaka 1992, ng'ombe walitoka hapa hapa uani. Walitembea hatua mia tatu mpaka kwa wakwe zangu, sherehe ikaisha saa kumi na moja jioni. Shemeji Nyamizi, unajua nakuheshimu. Ulikuwa mke mwema kwa kaka yangu na mama mwema kwa watoto watatu, Ng'washi, Dastan na Thomasi. Nasema tu ilivyokuwa.

Julai mwaka 2013 marehemu alinunua gari lake la kwanza na la mwisho, Probox nyeupe. Hapo ndipo ilipozuka hoja ya spea, ambayo wengi wenu mnaijua nusunusu na mnaisimulia vibaya.

Katika buti ya Probox, chini ya zulia, kuna shimo la kulaza tairi la spea. Marehemu alikuwa na boksi la barafu la kubebea chanjo, na boksi lile lilitulia ndani ya shimo hilo bila kuyumba hata kwenye njia mbovu za Meatu. Chanjo ya kideri ikipata joto imekufa, na kuku wa kijiji kizima wanakufa baada yake. Basi swali likawa dogo kulisema na gumu kuliamua: abebe chanjo au abebe spea? Nilimshauri boksi alikalishe kiti cha nyuma. Alijibu kwamba kiti cha nyuma ni cha watu, kwa maana hakuwahi kumpita mama mwenye mtoto au mgonjwa barabarani. Nilimshauri alifunge tairi juu ya paa. Alijaribu wiki mbili, likamlegezea kamba mara tatu. Kisha akafanya kosa ambalo, nadhani, Msukuma peke yake anaweza kulifanya. Alilichukulia tairi kama ng'ombe.

Alitafuta matairi sita yaliyotumika, kila moja na rimu yake, akayapiga alama ya rangi nyeupe, J na L, kisha akayagawa kwa watu wa njia zake. Moja Dutwa kwa Ndalahwa, fundi baiskeli. Moja Mkula kwa Mama Milembe. Mengine Lamadi, Lagangabilili na Mwanhuzi. Masharti yalikuwa yaleyale ya baba. Anayetunza alitumie tairi apendavyo, mradi siku likihitajika lipo na lina upepo. Ndalahwa alilitundika mbele ya kibanda likawa ndilo bango lake. Mama Milembe alilikalia akiuza viazi, na mwenyewe ananiambia lilimpa raha ya mgongo. Na marehemu kila alipopita ilibidi asimame, eti anaangalia upepo. Kuangalia upepo wa tairi ni dakika moja. Yeye alikunywa chai, akachanja kuku, akaulizia mgonjwa, akapatanisha mtu na mkewe. Bariadi hadi Lamadi ni mwendo wa saa moja na kidogo. Yeye alitumia nusu siku.

Mimi nina Corolla tangu 2011. Spea iko kwenye buti, nimeivika nailoni. Jeki ipo, spana ipo, pembetatu ya kuakisi ipo. Nikipata pancha natumia dakika kumi na tano, nanawa mikono, naondoka, sijamsumbua mtu. Nilijivunia jambo hilo na nilimwambia marehemu mara nyingi, mbele ya watu. Yeye alipopata pancha alipiga simu kwa mwenye tairi la karibu, akakaa kivulini. Baada ya muda inakuja bodaboda na tairi, na nyuma yake baiskeli nne za watu waliosikia kwamba daktari amekwama. Wanafungua nati wanacheka. Miaka kumi na miwili sikuelewa furaha hiyo inatoka wapi. Nilipita mara mbili nikawakuta hivyo, nikapiga honi, sikusimama.

Jumamosi tarehe 7 Julai 2018 nilimuoza binti yangu wa pili hapa hapa uani. Marehemu, akiwa baba mkubwa, alitakiwa kuzungumza saa saba mchana. Alipata pancha akitokea Bariadi, amekaribia hapa Sola, na akafika saa kumi na moja, akiwa na Ndalahwa aliyeleta tairi kutoka Dutwa, wote wawili wamechafuka mafuta. Watu waliacha pilau. Waliinuka wakampigia makofi kama yeye ndiye bwana harusi, akasimulia safari yake, na hotuba yangu niliyoiandika kurasa tatu haijasomwa mpaka leo. Nilimnunia miezi mingi. Nilimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba kaka yangu aliniharibia shughuli kwa uzembe wa kutobeba spea.

Sasa niseme ambalo sikuwahi kulisema. Nimetaja matairi sita na mmehesabu vituo vitano. La sita aliliweka kwangu, hapa Sola. Lilikuwa la kwanza kabisa kugawiwa. Alilileta mwenyewe Agosti 2013, akaliegemeza kwenye kona ya stoo yangu, akasema amelianzia nyumbani.

Machi mwaka 2016 tairi langu moja la nyuma lilikwisha. Spea yangu ilikuwa mpya, nikaionea huruma kuichafua. Tairi la kaka lilikuwa linaingia kwenye Corolla bila shida, nikalifunga, nikaliendesha. Nilijiambia nitalirudisha mwisho wa mwezi. Mwezi uliisha, na mwingine. Siku moja ya Juni alipata pancha kilomita tatu kutoka hapa. Alikuja kwa miguu mpaka stoo, akakuta kona tupu. Akapanda bodaboda mpaka Maswa, kwenye ghala la pamba nilikokuwa kazini, akaliona gari langu limeegeshwa na ile alama yake nyeupe kwenye rimu. Alinisubiri nitoke.

"Salvatory," aliniambia, "ng'ombe akifa, mtunzaji huleta ngozi."

Nilikuwa na wakulima kumi na tano wananisikiliza. Nilimjibu, "Tairi si ng'ombe. Nunua spea uibebe kama wenzako."

Alicheka. Hakunigombeza. Nilipotaka kulifungua alinizuia, akasema nitabaki bila spea mimi, akaomba lifti ya lori mpaka Bariadi kutafuta tairi. Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote, na hakuniletea tairi lingine. Ndiyo maana siku ya harusi ilibidi tairi litoke Dutwa. Kama la Sola lingekuwepo angefika saa saba na robo. Wageni hawakulijua hilo. Yeye alilijua, na aliposimulia safari yake mbele ya wageni wangu alisema tu kwamba Dutwa ni mbali.

Niliona wivu, ndugu zangu. Sioni haya kulitaja neno lenyewe. Kona ile ya stoo niliifagia kila Jumamosi kwa miaka minane na zaidi. Baadaye nilinunua tairi lingine, nikalivika nailoni, nikaliweka tayari kumrudishia, nikashindwa kulitoa, kwa maana kulitoa ni kukiri. Mwishowe nililiuza. Kila alipokuja kunisalimia nilikwenda buti kushusha mizigo kabla hajaniambia, nione kama amebeba la kuniachia. Nilikuta boksi la barafu. Nilipopita Mkula na kumwona Mama Milembe amekalia tairi la kaka yangu, nilikanyaga mafuta. Nilimwona kama mtu aliyekalia kiti changu.

Novemba mwaka 2024 marehemu alianza kulalamika tumbo na kukosa hamu ya kula. Alitibiwa Bariadi, kisha tukashauriwa tumpeleke hospitali ya rufaa Mwanza. Jumatatu tarehe 13 Januari mwaka huu nilimpeleka mimi, kwa Corolla yangu. Watoto walitaka kukodi gari kubwa; nilikataa. Nilitaka safari hiyo iwe yetu wawili, mimi na kaka, na shemeji nikamwomba atufuate kwa basi kesho yake. Tuliondoka saa moja asubuhi. Alikuwa amekonda, kiti kimemzidi. Tulipita Dutwa amelala. Tulipokaribia Mkula aliamka, akajiweka sawa, akafunga kifungo cha shati.

"Simama kidogo pale kwa Mama Milembe," alisema.

"Tutasimama tukirudi," nilimjibu.

Nilitoa sababu ya kuwahi foleni ya daktari. Tulikuwa na saa nzima ya ziada. Mama Milembe alikuwa ameshapigiwa simu, amesimama barabarani na birika mkononi, amevaa kitenge cha kanisani. Alinyoosha mkono. Mimi nilitazama mbele. Marehemu aligeuka mwili mzima kitini kumtazama mpaka akapotea, kisha akakaa sawa, akaniuliza kuhusu watoto wangu mmoja mmoja kwa majina. Tulifika Mwanza bila pancha hata moja. Laiti ningepata pancha pale Mkula.

Alipasuliwa Alhamisi tarehe 16 na hakuzinduka vizuri. Alifariki Jumatano tarehe 22 Januari 2025, saa nne asubuhi. Safari ya kurudi, gari lililombeba lilisimama Mkula. Mama Milembe alikuwa palepale. Hakuniuliza chochote. Alilipandisha tairi kwenye gari la nyuma, naye akapanda.

Kwa desturi yetu, mwenye ng'ombe akifa, waliotunza huja kuwataja ili mali ya marehemu isipotee. Hatukuwaita. Tangu jana wamekuja, wa Dutwa, wa Mkula, wa Lamadi, wa Lagangabilili, wa Mwanhuzi, kila mmoja na tairi lake. Yameegemea ukuta wa nyumba yangu, matano, mmeyaona mlipokuwa mnaingia. Asubuhi hii kabla hamjafika niliyabonyeza moja moja kwa kidole gumba. Yote yana upepo. Mimi ndiye mtunzaji pekee niliyekuja mikono mitupu, na nyumba ya msiba ni yangu.

Mama Milembe, tarehe 13 Januari nilikuona. Nilikuona vizuri, na birika nililiona. Nilikuwa na nafasi ya kusimama na sikutaka kugawana kaka yangu nawe. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa, na ninakiri ulistahili kusoma karatasi hii.

Marehemu ameacha mjane, Nyamizi, watoto watatu, Ng'washi, Dastan na Thomasi, wajukuu sita, mdogo mmoja, ambaye ni mimi, na watunzaji watano, ambao aliyechapa ratiba aliniuliza awaweke fungu gani, nikamwambia awaweke palepale kwenye ndugu.

Ng'washi, mwanangu, wewe umesomea mifugo kama baba yako, na ukoo umekubaliana Probox ni yako na kazi ni yako. Nimesikia mmeamua matairi yarudi yalikotoka, na wenyewe wameafiki. Ni sawa. Lakini nakuomba wewe na watunzaji, kabla ya watu kutawanyika, mniachie moja. Najua la kwanza nililifanyaje. Hili sitalifunga kwenye gari langu, hata nikikwama. Litakaa stoo, nitalipima upepo kila Jumapili baada ya misa, na likifa nitakuletea ngozi yake. Na siku ukipata pancha, mwanangu, hata ukiwa njia ya Lamadi, hata kama tairi la Mama Milembe liko hatua kumi kutoka ulipo, nipigie mimi kwanza.

Januarius Mashimba Luhende alale kwa amani ya Bwana, hapa Sola.